Kifafa, Muziki na Usiku wa Kesha

Maelezo ya afya ya kusomwa katika mabaraza, mikutano ya vikundi, mazoezi ya kwaya na mikutano ya wazazi shuleni. Kusoma yote huchukua takriban dakika ishirini.



Mada ya leo ni kifafa na muziki. Chukueni mfano ambao wengi wenu mtautambua. Ni usiku wa kesha. Kanisa limejaa, kinanda kinapigwa tangu saa tatu, spika zimefunguliwa hadi mwisho na waumini wamesimama. Inapofika saa tisa usiku, msichana wa miaka kumi na saba anayeimba sauti ya kwanza anakatiza wimbo katikati ya ubeti, anatoa ukelele mmoja na kuanguka. Mwili unakakamaa, kisha unaanza kutikisika kwa nguvu. Povu linamtoka mdomoni.

Mmoja anakimbilia kijiko ili amtie mdomoni. Wa pili anamkalia miguu. Wa tatu anawazuia watu wasimguse, akisema mate yake yanaambukiza. Na kabla msichana hajafumbua macho, maelezo matatu yameshaanza kuzunguka ukumbini. Kuna wanaosema ni pepo aliyechokozwa na nyimbo za sifa. Kuna wanaosema amerogwa na mtu wa ukoo. Na kuna wanaosema ni ule muziki, kwamba kinanda kilipigwa kwa sauti ya juu mno kikamvuruga kichwa. Kufikia Jumatatu mama yake ameshaamua kumtoa kwenye kwaya, na pengine shuleni pia.

Maelezo mawili ya kwanza si ya kweli. La tatu lina chembe ya ukweli, kwa maana kifafa kinachochochewa na muziki kipo na kimeandikwa katika vitabu vya tiba. Lakini ni nadra sana, na ni vigumu kudhani ndicho kilichomwangusha msichana huyu. Yafuatayo yanaeleza kwa nini, na nini kifanyike.

KIFAFA NI NINI

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizo huzungumza kwa njia ya umeme mdogo na kemikali. Kwa kawaida kila kundi la seli husema kwa zamu yake, kama wazee katika baraza. Shambulio la kifafa hutokea pale kundi moja, au ubongo mzima, linapoanza kutoa umeme kwa pamoja na bila mpangilio. Ni kama baraza ambalo watu wote wamesimama na kupiga kelele kwa wakati mmoja. Hakuna linalosikika wala kuamuliwa mpaka kelele ziishe.

Kelele hizo zikienea ubongo mzima, mtu huanguka, hukakamaa na kutikisika. Zikibaki katika sehemu moja, huenda asianguke kabisa. Anaweza kukodoa macho, kutafunatafuna bila chakula, kupapasa nguo, kusikia harufu isiyokuwepo, au kujawa na hofu ya ghafla isiyo na sababu. Wengi hawajui kwamba hicho nacho ni kifafa. Mwalimu humwona mtoto anayekodoa macho darasani akadhani ni mzembe.

Kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa kugusa, si kwa kutumia sahani au kitanda kimoja. Sababu zake katika nchi za Afrika Mashariki zinajulikana: mtoto kukosa hewa au kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, majeraha ya kichwa kama yale ya ajali za bodaboda, kiharusi, na mayai ya minyoo tegu wa nguruwe yanayoingia mwilini kwa uchafu na kujenga vifuko ndani ya ubongo. Wengine huzaliwa na mwelekeo wa ugonjwa huu, na wengine sababu yao haionekani hata baada ya vipimo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila mashambulio iwapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo.

NAKURU ILISHAONYESHA NJIA

Hilo la asilimia 70 lisichukuliwe kuwa habari ya ng'ambo. Katika miaka ya 1980, Nakuru yenyewe, wakati huo ikiitwa wilaya, ilikuwa mahali pa utafiti mmojawapo muhimu wa kifafa barani Afrika. Daktari J. Kaamugisha na Daktari A. T. Feksi walitumia njia mbili tofauti kuhesabu wagonjwa katika eneo la pembezoni mwa mji. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 1988, yalikadiria wagonjwa 18 kwa kila watu 1,000. Maana yake ni kwamba katika shule yenye wanafunzi 500, hesabu hiyo ingetoa watoto tisa.

Kisha ukafuata mpango wa matibabu. Wagonjwa 302 wa kifafa cha kuanguka waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa fenobabitoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Kundi la pili lilipewa kabamazepini. Hawakulazwa katika hospitali kubwa za Nairobi. Walitibiwa hapa hapa, kupitia huduma za afya za msingi. Matokeo yalitoka mwaka wa 1991 katika jarida la tiba la Lancet la Uingereza.

Wagonjwa 249, yaani asilimia 82, walikamilisha mwaka mzima wa matibabu. Kati ya hao, asilimia 53 hawakupata shambulio hata moja katika miezi sita ya mwisho. Asilimia 26 zaidi walipunguza mashambulio yao kwa zaidi ya nusu. Dawa zote mbili zilifanya kazi karibu sawa.

Kwa hivyo mzee wa Njoro au mama wa Bahati anayeambiwa kwamba kifafa hakina dawa anaweza kujibu kwamba jambo hilo lilipimwa katika udongo huu huu, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na jibu likapatikana.

SAUTI INAVYOGEUKA KUWA WIMBO

Ili kuelewa uhusiano wa muziki na kifafa, ni vyema kwanza kujua wimbo unapitia wapi.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo unapoingia sikioni hugonga ngoma ya sikio, kisha hupitishwa na vijifupa vitatu vidogo hadi kwenye kiungo kilichojikunja kama konokono na kujaa majimaji. Ndani yake kuna seli zenye vinyweleo vidogo mno. Zilizo mwanzoni mwa konokono hupokea sauti nyembamba kama filimbi. Zilizo ndani kabisa hupokea sauti nzito kama ngoma. Hapo mtikisiko hugeuzwa kuwa umeme wa neva na kupelekwa kwenye ubongo.

Kituo kikuu cha kupokea sauti kipo katika sehemu ya ubongo iliyo juu ya masikio, upande wa kulia na wa kushoto. Kwa watu wengi, upande wa kushoto hushughulika zaidi na maneno, na upande wa kulia hushughulika zaidi na tuni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Ndiyo maana wako watu waliopata kiharusi cha upande wa kushoto wakashindwa kusema jina lao, lakini wanapoanzishiwa wimbo wa utotoni wanauimba pamoja na maneno yake. Baadhi ya waganga wa usemi hutumia njia hiyo ya kuimba ili kuwarudishia wagonjwa maneno.

Lakini muziki haukai katika kituo kimoja. Mdundo huamsha sehemu zinazoongoza miguu na mikono, hata kama mtu ameketi kimya. Mguu unaogonga sakafu ya matatu unafanya hivyo kwa amri ya sehemu hizo. Tuni inayopendwa huamsha sehemu za furaha, na kemikali iitwayo dopamini humwagwa, ile ile inayomwagwa mwenye njaa anapopata chakula. Na kandokando ya kituo cha sauti, ndani zaidi, kuna sehemu mbili ndogo: moja ya hofu na hisia kali, nyingine ya kuweka kumbukumbu. Wimbo uliopigwa siku ya mazishi ya mzazi unapitia hapo. Ukisikika tena baada ya miaka ishirini, machozi hutoka kabla mtu hajakumbuka jina la wimbo.

Tena ubongo haupokei sauti kama kinasa sauti. Huifasiri. Historia ya Bonde la Ufa ina mfano unaojulikana duniani kote. Mwaka wa 1950, mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika eneo la Wakipsigis, akarekodi wimbo ulioitwa Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa gitaa wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika nyanda hizo. Masikio ya Kapkatet yalilisikia jina la kigeni yakalipa umbo la Kikalenjin, na sauti ya mgeni ikaingizwa katika wimbo wa nyumbani, kwa ala za nyumbani. Ubongo wa kila msikilizaji hufanya kazi kama hiyo kila siku. Huchukua sauti na kuiunganisha na lugha, mahali, watu na hisia ambazo tayari umezihifadhi.

Kwa hivyo hakuna muziki ulio "mkali" au "mpole" kwa watu wote kwa namna moja. Wimbo mmoja hugusa njia tofauti katika vichwa tofauti.

KIFAFA CHA MUZIKI

Sasa fikirieni mtu ambaye ana kovu dogo, au seli zisizotulia, katika sehemu ile ile iliyo juu ya sikio ambako sauti, hisia na kumbukumbu hukutana. Wimbo fulani unapoamsha sehemu hiyo, umeme unaweza kuzidi kipimo na kuwasha shambulio. Hicho ndicho kifafa cha muziki. Mara nyingi chanzo chake huonekana upande wa kulia wa ubongo.

Mmoja wa wagonjwa wa mwanzo kuandikwa alikuwa mhakiki wa muziki wa Urusi katika karne ya 19, aliyeitwa Nikonov. Shambulio lake la kwanza lilimpata akiwa ukumbini akisikiliza opera ya mtunzi Meyerbeer. Hali ilizidi mpaka muziki wa aina yoyote, hata wa sauti ya chini, ukawa unamwangusha. Mtu aliyeishi kwa muziki akawa anaziba masikio na kukimbilia uchochoroni kila alipoisikia bendi ikija barabarani. Mwaka wa 1937, daktari wa neva wa Uingereza, Macdonald Critchley, aliwakusanya wagonjwa wa namna hiyo katika makala moja na kuipa hali hiyo jina lake la kitaalamu.

Tangu wakati huo madaktari wamejifunza mambo kadhaa. Kwanza, kichocheo hutofautiana sana. Mmoja huchochewa na ala fulani tu, mwingine na sauti ya mwimbaji mmoja, mwingine na wimbo mmoja pekee. Pili, mara nyingi shambulio haliji papo hapo. Hupita dakika kadhaa za kusikiliza, na hisia huanza kupanda kwanza. Tatu, wapo ambao kukumbuka tu wimbo ule kichwani kunatosha. Nne, mara nyingi mtu haanguki mara moja. Huanza kwa kukodoa macho, kumeza mate mara kwa mara, kujawa na hofu au kuhisi kwamba jambo hili limewahi kutokea. Kuanguka, kama kupo, hufuata baadaye.

Matibabu yapo. Wengi hutumia dawa zile zile za kifafa na kujiepusha na kichocheo kinachojulikana. Wachache ambao dawa zimewashinda, na ambao chanzo chao kimeonekana wazi katika vipimo, wamefanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu ndogo ya ubongo inayoleta shida.

Lakini ni watu wangapi? Makadirio yanayonukuliwa zaidi ni mtu mmoja kati ya milioni 10. Madaktari wengine huona kuwa idadi halisi ni kubwa kuliko hapo, kwa kuwa wagonjwa wengi hawajui kuhusisha mambo hayo mawili. Hata hivyo, linganisheni. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru. Kwa kipimo cha mmoja kati ya milioni 10, huenda kaunti nzima isiwe na hata mgonjwa mmoja wa kifafa cha muziki. Kwa kipimo cha 18 kati ya 1,000, wagonjwa wa kifafa cha kawaida wako katika kila kijiji, kila shule na kila kwaya.

TAZAMENI SAA KABLA YA KUTAZAMA KINANDA

Turudi kwa msichana wa kesha. Kabla ya kukilaumu kinanda, yafaa yaulizwe maswali manne.

Swali la kwanza: alilala lini? Ilikuwa saa tisa usiku. Kukosa usingizi ni miongoni mwa vichocheo vikubwa vya shambulio kwa mtu mwenye kifafa. Ni kichocheo kinachojulikana sana hivi kwamba madaktari wenyewe wakati mwingine humwambia mgonjwa asilale vizuri usiku wa kuamkia kipimo cha umeme wa ubongo, ili kasoro ionekane.

Swali la pili: alimeza dawa yake? Mtu anayetumia vidonge jioni huvisahau siku ya safari, ya sherehe au ya ibada. Wengine huvificha ili wenzao wasijue. Wengine wameambiwa wameshaombewa, hivyo waviache. Kuombea mgonjwa hakuna ubaya wowote. Hatari ni kumwachisha dawa ghafla, kwani kuacha ghafla kunaweza kuleta mashambulio mfululizo yanayoweza kuua.

Swali la tatu: alikula nini na kunywa nini? Kufunga kwa saa nyingi, upungufu wa maji, homa, na kwa wengine pombe, vyote huushusha ulinzi wa ubongo.

Swali la nne: taa zilikuwaje? Wako watu wachache wenye kifafa, takriban 3 katika kila 100, ambao mwanga unaomulika na kuzima haraka huwaletea shambulio. Desemba 1997 huko Japani, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon kilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukibadilishana kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitalini jioni moja. Taa za disko zilizofungwa katika kumbi za harusi na katika baadhi ya matatu zinamulika kwa namna hiyo hiyo. Mtu akianguka mahali penye muziki na taa hizo, watu husema ni muziki kwa sababu ndio ulioyajaza masikio yao.

Mara nyingi jibu litapatikana katika maswali hayo manne. Msichana hakuangushwa na wimbo. Huenda ameangushwa na usiku usio na usingizi, tumbo tupu na kidonge kilichobaki nyumbani. Tofauti hiyo ni kubwa kwa maisha yake. Mama akiamini ni wimbo, atamwondoa mtoto kwenye kwaya, na mashambulio yataendelea. Akijua ni usingizi na dawa, mtoto ataimba mchana, atarudi nyumbani mapema na atalala.

Na ikiwa kweli ni muziki? Familia iweke daftari. Kila shambulio liandikwe tarehe, saa, mtu alilala saa ngapi, alimeza dawa au la, na kama kulikuwa na muziki, ulikuwa wimbo gani na ulichukua muda gani kabla ya dalili. Ikiwa mashambulio yanakuja mchana, mtu akiwa amelala vizuri na amemeza dawa, na yanafuata wimbo ule ule au ala ile ile, daftari hilo lipelekwe kwa daktari. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha umeme wa ubongo, kinachojulikana kwa herufi EEG, na picha ya ubongo. Wimbo usichezwe nyumbani kwa makusudi ili kumjaribu mgonjwa. Jaribio hilo hufanywa hospitalini tu, mbele ya wahudumu.

MTU AKIANGUKA MBELE YENU

Hatua hizi zinafaa kubandikwa kwenye mlango wa kila ukumbi.

Tazameni saa mara shambulio linapoanza. Ondoeni viti, waya, mawe na vyombo vya moto vilivyo karibu. Wekeni kitu laini chini ya kichwa, hata kama ni sweta. Legezeni tai, kola au kitambaa cha shingoni, na mvueni miwani. Mtikisiko ukipungua, mlazeni kwa ubavu ili mate yatoke na hewa ipite. Zimeni taa zinazomulika, punguzeni muziki na wapeni watu nafasi ya kusogea nyuma. Mmoja abaki naye mpaka fahamu zimrudie kabisa, akizungumza naye kwa upole, kwa maana anaweza kuzinduka akiwa amechanganyikiwa na mwenye aibu.

Msimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko, si kitambaa, si kidole. Mtu hawezi kumeza ulimi wake. Kijiko ndicho kinachovunja meno. Msimzuie kutikisika kwa nguvu. Msimpe maji, chakula wala dawa ya kumeza mpaka azinduke. Msimwagie maji.

Mpelekeni hospitalini mara moja ikiwa mtikisiko umepita dakika tano, ikiwa shambulio la pili limekuja kabla hajazinduka, ikiwa ni mara yake ya kwanza, ikiwa ameumia, ikiwa anapumua kwa shida, ikiwa ameangukia majini, au ikiwa ni mjamzito.

MUZIKI SI ADUI

Lipo jambo la kuongeza. Muziki ule ule unaoogopwa umechunguzwa pia kama msaada. Mwaka wa 1998 watafiti wa Marekani waliwachezea wagonjwa wa kifafa sonata moja ya Mozart ya piano mbili, na kwa wengi wao umeme usio wa kawaida katika ubongo ulipungua wakati muziki ukiendelea. Utafiti wa namna hiyo umeendelea katika nchi kadhaa. Haimaanishi kwamba muziki ni dawa, wala asiwepo mtu atakayeacha vidonge akafungua redio. Maana yake ni kwamba kwa watu wengi wenye kifafa, kuimba, kupiga ngoma na kucheza ni sehemu ya maisha yenye afya, na hakuna sababu ya kuwanyima.

Kwa hivyo walimu wa kwaya wanaombwa kutowafukuza waimbaji wenye kifafa. Wapangeni waimbe sehemu za mwanzo za kesha na waruhusiwe kwenda kulala. Mwimbaji asisimamishwe kwenye jukwaa refu lisilo na ukingo. Awepo mtu mmoja katika kila kwaya anayezijua hatua za huduma ya kwanza.

Viongozi wa dini, neno lenu husikika kuliko mabango yote ya hospitali. Mkisema madhabahuni kwamba maombi na dawa vinaenda pamoja, mtaokoa maisha.

Wamiliki wa matatu na kumbi, zimeni taa zinazomulika abiria au mgeni anapoomba. Asiulizwe sababu.

Wazazi, mtoto mwenye kifafa asipike peke yake kwenye moto wa kuni au jiko la makaa, wala asioge au kuogelea mtoni au ziwani bila mtu wa kumwangalia. Lakini aende shule. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kifafa kinachofichwa chumbani ndicho kinachochoma watoto motoni.

Kinamama na wasichana wanaotumia dawa za kifafa wazungumze na daktari kabla ya kupata mimba, kwa kuwa baadhi ya dawa, hasa valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na nyingine hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Wasiziache wenyewe, daktari ndiye wa kuzibadilisha.

Pa kuanzia ni karibu. Mhamasishaji wa afya ya jamii katika kijiji chenu anaweza kuwaelekeza kwenye zahanati au kituo cha afya. Kutoka hapo, anayehitaji uchunguzi zaidi hutumwa kwenye hospitali ya kaunti ndogo, na kisha kwenye Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru. Nendeni na daftari la mashambulio, na mwende na mtu aliyeliona shambulio lenyewe, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi halikumbuki.

Msichana wa mfano wa leo anaweza kuwa katika kwaya yoyote kati ya Naivasha na Molo, kati ya Subukia na Kuresoi. Akianguka katika kesha lijalo, inatosha mtu mmoja ukumbini atazame saa, amweke sweta chini ya kichwa, amlaze kwa ubavu na abaki naye. Asubuhi yake, inatosha mama yake amuulize swali moja kabla ya kukilaumu kinanda: mwanangu, jana dawa ulimeza?